Mwembe Ukianguka Uani, Usimwite Mchoma Mkaa

(Haya niliyasema Jumamosi asubuhi karakanani kwetu Keko, Dar es Salaam, mbele ya mafundi seremala, vijana wanaojifunza na majirani wenye viwanja. Wengi walinipigia kusema mvua na foleni vimewazuia. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema. Picha tulizotazama ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, mafundi wenzangu, vijana, habari za asubuhi. Najua Jumamosi kwetu ni siku ya kazi, tena ndiyo siku wateja wanakuja kuulizia vitanda vyao. Mtu aliyefunga karakana saa tatu asubuhi akaja kunisikiliza mimi, huyo amenipa heshima kubwa. Ahsanteni sana.

Nianze na swali. Hapa tulipo ni Keko. Nani kati yetu wiki hii hajanunua ubao? Nyoosha mkono. Hakuna. Mbao za msindano zinatoka Mafinga, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Mtiki unatoka Longuza kule Muheza, au Mtibwa. Mninga tunausubiri kama mvua ya vuli, na ukija tunaambiana bei kwa kunong'ona.

Swali la pili. Nani kati yetu mwezi huu amepita Tabata, Mbagala, Mbezi au Kigamboni akaona mwembe umekatwa, umelala uani, unangoja kuchomwa? Haya, tazameni wenyewe hiyo mikono. Ukumbi mzima.

Ndugu zangu, mbao tunaifuata kilomita 500, na mbao nyingine tunaichoma uani kwetu. Ndicho kilichonifanya niwaite leo.

Niwaambie lilivyonianza. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja wa Tabata aliniita nimtengenezee kabati la vyombo. Nilipofika kupima ukuta, nikakuta uani mwembe umelazwa, una siku tatu. Walikuwa wanataka nafasi ya kujenga vyumba vya kupangisha. Gogo lake lilikuwa na futi 8, limenyooka, na upande wake mwembamba kipenyo chake kilikuwa sentimita 60. Mama akaniambia mwembe ule aliupanda baba mkwe wake. Alikuwa ameshamlipa mtu wa kuukata, na sasa anamngoja mwingine aje auondoe. Nikalipima lile gogo kwa kamba ya futi, basi tu, mkono wa seremala hautulii. Nikanywa chai, nikapima ukuta, nikaondoka. Kabati nikalitengeneza kwa mbao za Mafinga.

Wiki mbili baadaye nilipolipeleka, pale palipokuwa na gogo pamebaki duara jeusi la majivu. Mama akalitazama kabati, akatazama uani, akaniuliza: "Fundi, hivi ule mwembe wa mzee haukufaa kabati?"

Mngemjibu nini? Mimi sikuwa na jibu. Ulifaa. Ulifaa kabisa, na mimi fundi niliyesimama mbele yake sikusema neno.

Usiku ule nilichukua daftari nikapiga hesabu, na leo naipiga tena mbele yenu. Gogo la sentimita 60, ukilipasua mbao za inchi 2, ukatupa mabanzi ya pembeni, linakupa mbao 8 hivi za futi 8, na zile za katikati zina upana wa futi moja na nusu na zaidi. Nani hapa ana ubao wa mwembe wenye upana huo? Nani anaweza kununua mtiki wa upana huo? Meza ya watu sita ilikuwa imelala pale uani, na benchi zake, na ubao wa kukatia nyama ungebaki.

Sasa mtauliza, kwa nini tusilipeleke gogo kwenye mashine kubwa likapasuliwe? Wazee walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Gogo lile lina nusu tani na ushei. Uchochoro wa Tabata unaujua, hata guta linapita kwa kuomba radhi. Gogo haliendi kwenye mashine. Basi mashine iende kwenye gogo.

Mashine yenyewe ni hii hapa mezani. Msumeno wa mnyororo, sisi tunauita chenso, na hii fremu yake. Mtazame vizuri, hakuna uchawi. Ni mabomba ya mraba, nguzo mbili na bolti. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani akikuona na mchoro anakutengenezea. Fremu inaubana upanga wa chenso, yaani ule ubapa mrefu ambao mnyororo unauzunguka, unabanwa huku na huku. Juu ya fremu kuna reli zinazoteleza juu ya gogo. Umbali kati ya reli na upanga ndio unene wa ubao wako. Ukitaka inchi 2, unalegeza nati, unashusha inchi 2, unakaza. Mtu mmoja anabeba vyote hivi begani, anapanda bodaboda, anafika. Tahadhari moja kwa watakaotengeneza wenyewe: kwenye ncha ya upanga kuna gurudumu dogo la meno. Usilibane hilo. Bana nyuma yake, liache lizunguke.

Na fremu inakula urefu. Upanga wa inchi 24, ukishafungwa humu, unapasua inchi 18 hadi 20 tu. Nunua ukijua hivyo.

Injini isiwe ndogo. Kupogoa matawi na kupasua gogo kwa urefu ni kazi mbili tofauti. Hapa injini inanguruma kwa nguvu zake zote dakika kumi mfululizo, haipumui. Chini ya CC 60 utaiua. Kwa magogo mapana mimi natumia iliyozidi CC 80. Mchanganyiko wa petroli na oili ya injini za mizunguko miwili ni 50 kwa 1, yaani petroli lita 5 kwa oili mililita 100, isipokuwa kitabu cha mashine yako kiseme vingine. Nina pistoni moja nyumbani imechanika michirizi kama imekwaruzwa na paka. Kijana aliyekuwa ananisaidia alijaza petroli tupu, kwa sababu kidumu cha petroli tupu na kidumu cha mchanganyiko vilikuwa rangi moja. Dakika ishirini injini ikakata, haikuwaka tena. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeviweka vile vidumu pamoja. Sasa kimoja ni chekundu, kingine cha njano, na hata mtoto wangu wa miaka sita anajua kipi ni kipi.

Mnyororo nao. Huu unaokuja na chenso umenolewa kukata mti kwa kukingama, meno yake yana mlalo wa nyuzi 30. Kupasua kwa urefu kunataka nyuzi 10 hivi, jino likae karibu kunyooka. Mnaweza kununua wa kupasulia, au mkachukua huu wa kawaida mkaushusha kwa tupa kidogo kidogo kila mnaponoa. Na nooni. Kila tangi moja la mafuta, zima, noa. Unga unaotoka ukiwa laini kama sembe na gogo likianza kutoa moshi, mnyororo umekufa zamani, wewe unasukuma tu.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye mpasuo wa kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Babu yangu alikuwa mpasua mbao wa shimo. Wazee mliopo mnaujua ule msumeno, wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao siku nzima, machoni, puani, shingoni. Babu alikuwa wa juu. Na kazi ya wa juu, alituambia, si nguvu. Ni mstari. Alikuwa anavunja betri za redio zilizokwisha, anatoa ule unga mweusi, anauchanganya na maji, anauchovya uzi wa pamba. Halafu anauvuta uzi juu ya gogo, mwisho hadi mwisho, anauinua kwa vidole viwili, anauachia. Pa! Mstari mweusi, umenyooka kama umechorwa na rula. Nilikuwa mdogo, nilikuwa naruhusiwa kushika upande mmoja wa uzi, na ole wangu nikitikisika. Babu alikuwa akikaa muda mrefu kwenye mstari kuliko kwenye kuandaa gogo zima. Anasema, mstari ukipinda, mbao zote zilizo chini yake zimepinda, hata ambazo hujazipasua.

Ndugu zangu, chenso haijabadilisha hilo. Reli za fremu zinafuata uso wa gogo, na gogo ni la duara, lina vifundo na mabonde. Kwa hiyo kwenye mpasuo wa kwanza reli hazitelezi juu ya gogo lenyewe. Unaweka juu yake kitu kilichonyooka, ngazi ya aluminiamu ni nzuri sana, au ubao mnene mlionyoosha wenyewe kwa randa. Unaufunga kwa misumari ya skrubu kwenye ncha za gogo, unaweka pima maji upande huu, unaweka upande ule, uso wa kichwa na uso wa mkia ulale sawa. Fremu inatelezea hapo. Ukishatoa banzi la kwanza, unapata uso bapa, na huo uso ndio reli yako ya mipasuo yote inayofuata. Mpasuo wa kwanza mimi unanichukua saa nzima kuuandaa. Wa pili dakika mbili.

Liinue gogo juu ya vipande viwili vya mti, kichwa kiwe juu kidogo kuliko mkia, mashine iteremke na mteremko huo, mgongo wako ushukuru. Na kabari mfukoni. Upanga ukishaingia futi mbili, piga kabari nyuma yake, mpasuo usijifunge ukaubana.

Nakubali jambo moja, maana kuna mafundi hapa wananitazama kwa jicho la kuhesabu. Chenso inakula mti. Mwanya wake ni milimita 9 hivi, msumeno mwembamba wa mkanda unakula 2 au 3 tu. Ukipasua mbao za inchi 1, robo ya mti wako inakuwa unga. Ukipasua inchi 2, inashuka hadi asilimia 15 hivi. Ndiyo maana nasema inchi 2, nasema inchi 3, mbao nyembamba ziachieni mashine za karakana, baada ya zile nene kukauka. Lakini mchoma mkaa anakula asilimia ngapi ya ubao? Mnaijua.

Sasa misumari. Miti yetu ya Dar es Salaam si miti ya msitu wa Longuza. Mwembe wa uani umeishi na watu. Umefungwa kamba ya kuanikia nguo. Umepigiliwa kibao cha dalali, umepigiliwa tangazo la mganga, umefungwa bembea ya watoto kwa waya. Mti unakua, unameza vyote hivyo, unafunga gome juu yake, hakuna anayekumbuka.

Nilikuwa Mbagala, mwembe mzuri, mpasuo wa nne. Nikaona kwenye unga unaotoka, ambao ulikuwa wa rangi ya maziwa yenye chai, umeanza kuja mweusi. Kidogo tu. Nikafikiri ni oili ya mnyororo. Nikasukuma. Cheche! Mnyororo ukapiga kelele niliyoisikia kwenye meno yangu. Nikazima. Tulipolifungua lile banzi tulikuta doa la buluu nyeusi, kama mtu amemwaga wino, limetambaa juu na chini kufuata nyuzi za mti karibu shubiri mbili. Katikati yake, msumari wa inchi 4, umekatwa sawa na mti, unang'aa. Meno kumi na mawili ya mnyororo yamelala chali.

Lile doa ndilo dalili, wapendwa. Chuma kikikutana na maji ya mti, mti hugeuka wino. Ukiona weusi kwenye unga, simama. Ukiona doa kwenye kichwa cha gogo kabla hujaanza, simama. Menya gome lote, pitisha sumaku, muulize mwenye nyumba kamba ya nguo ilikuwa inafungwa wapi. Muulize bibi wa nyumba hiyo, atakumbuka kuliko wote. Na lile doa lenyewe msilitupe. Yule wa Mbagala ubao wake tuliutengeneza meza, na kila mgeni anaweka kidole pale pale.

Miti mingine nitaipitia haraka. Mfenesi naupenda kuliko yote: unatoka wa njano kama yai la kuku wa kienyeji, miaka inavyokwenda unageuka kahawia, na moyo wake mchwa hawausumbui sana. Mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na ukiuranda utaona undugu wenyewe, ila umejaa vifundo. Mkorosho na mwembe utomvu wake unawasha, mvae mikono mirefu. Mnazi hauna moyo kama miti mingine. Ugumu wake uko nje, katikati ni laini kama sponji, kwa hiyo mbao zako zitoke kwenye ule ukingo, na mnyororo utaunoa mara mbili ya kawaida.

Nije kwenye kukausha. Hapa ndipo nitachelewa, naomba mnivumilie, kwa sababu kupasua ni nusu tu ya kazi. Mtu anapasua mbao asubuhi, jioni anaanza kumwambia mteja anazo mbao. Hana. Ana gogo lililokatwa vipande.

Mwembe wangu wa kwanza kabisa niliupasua mwezi Machi, mbao sita, na masika hiyo inaingia. Nikazipanga moja juu ya nyingine, zimelaliana, nikafunika kwa turubai la plastiki nikalikaza kamba vizuri ili mvua isipite. Nilijiona nimefanya la maana. Wiki tatu baadaye nikafungua. Harufu ilinifikia kabla ya macho. Ukungu wa buluu na mweusi, umeingia ndani ya ubao, hautoki kwa randa. Nikaogopa, nikazitoa zote nikazianika juani kama udaga. Siku nne. Vichwa vikapasuka nyufa za shubiri, na mbili zikajikunja hadi ungeweza kuzipandia kama mtumbwi. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini ubao hausubiri uukunje, unajikunja wenyewe.

Zile zilizopona nikaziweka ndani. Mwezi uliofuata nikakuta chini yake vichungu vidogo vya unga, laini kama poda ya mtoto, na juu yake vitundu kama vya sindano. Fukusi. Wanafuata wanga ulio kwenye ule mti mweupe wa nje, na mwembe una wanga mwingi. Mbao sita zote nikazipoteza. Mti ule ule ambao nilikuwa nawaambia watu wasiuchome, mimi nikauozesha.

Sasa nafanyaje? Siku ile ile ninayopasua, kabla sijanawa mikono, vichwa vya mbao navipaka rangi ya mafuta, hata mabaki ya rangi ya geti, kwa sababu maji hukimbilia kutokea vichwani na ndipo nyufa zinapoanzia. Mbao nazipaka maji ya boraksi pande zote. Msingi naunyanyua kwa matofali ya saruji matatu kwenda juu, mchwa wasifike na upepo upite chini. Kati ya ubao na ubao naweka fito kavu za inchi 1, kila baada ya futi moja na nusu, na fito zote zikae mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Fito ikikaa pembeni ya mwenzake, ubao unapinda pale. Juu kabisa matofali ya uzito. Mabati juu, pembeni wazi. Kivuli na upepo, hivyo viwili tu. Jua silitaki, plastiki siitaki.

Muda? Mwembe wa inchi 2 naupa miezi minane hadi mwaka. Lakini siupimi kwa kalenda. Naupima kwa mizani ya Mangi. Vijana mnacheka, lakini sikilizeni. Nakata kipande kimoja kutoka katikati ya ubao, si kichwani, nakipaka rangi ncha zake, nakiweka ndani ya fungu kikauke na wenzake. Kila Jumamosi nakipeleka dukani, Mangi anakiweka kwenye mizani baina ya mchele na maharage, naandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Tazameni ule mlango. Kile cha mwaka jana kilianza gramu 2,100. Mwezi wa kwanza kilishuka haraka, hadi mama muuza mboga pale akawa anauliza leo kimefika ngapi. Baadaye polepole. Mwezi wa tisa kikafika gramu 1,340, wiki iliyofuata 1,340, wiki iliyofuata 1,340. Kikigoma kushuka wiki tatu, hewa ya Dar imekwisha kazi yake. Mizani haidanganyi, na haiombi umeme.

Hewa ya Dar, nimesema. Bahari iko hapa. Ubao uliokauka nje kwetu unabaki na maji ya asilimia 14 au 15 ya uzito wake mkavu, haushuki zaidi. Kwenye sebule ya Temeke yenye madirisha wazi, hakuna tatizo. Lakini niliuza meza Masaki, ubao mmoja mpana, nyumba ina kiyoyozi usiku na mchana. Miezi mitatu mteja akanitumia picha: ufa katikati, unaingia kidole. Kiyoyozi kinaukausha ubao hadi asilimia 9 au 10. Meza ya upana wa mita 1 inaweza kupungua sentimita 1 na zaidi, na mimi nilikuwa nimeikaza kwa skrubu kwenye fremu ya chuma kama naifunga isitoroke. Ubao lazima upungue, usipopewa nafasi unajipasua. Nilimrudishia meza nyingine. Siku hizi matundu ya skrubu nayatoboa marefu kukingama nyuzi, ubao uteleze. Na ubao wa kwenda kwenye kiyoyozi unakaa wiki kadhaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi kabla sijaugusa.

Nimebakiza mambo mawili, na haya siyasemi kwa upole.

La kwanza, miili yenu. Kofia ngumu, miwani, vizuia sauti, buti, barakoa ya unga. Katika kupasua unainama, na moshi wa injini uko usawa wa uso wako. Uani kwetu kumezungukwa kuta nne, moshi hautoki. Simama upande unakotoka upepo, ukihisi kichwa kinauma, zima, toka nje ya geti, keti. Watoto wote wa nyumba hiyo waende kwa jirani. Na mwambie jirani mapema, mashine inapiga kelele kuliko muziki wa harusi, na kuna wagonjwa, kuna watu wanalala mchana kwa sababu wanalinda usiku.

La pili, sheria. Sikuja hapa kufundisha watu kuingia misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Anayetoka hapa na chenso akaelekea msituni, hakunisikia. Nazungumzia mwembe wa uani ulioanguka kwa mvua au unaotolewa kupisha nyumba. Hata huo, anzeni ofisi ya serikali ya mtaa, halafu nendeni TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, muulize: kuhusu mti wenyewe, kuhusu kuisajili chenso, kuhusu kupasulia mbao kwa chenso, na kuhusu hati ya kusafirishia mazao ya misitu kabla hamjapakia kitu chochote kwenye gari. Mvule, mninga, mkongo, mkangazi, hiyo ina ulinzi wake popote ilipoota, msiiguse bila kibali hata kama imeota mlangoni kwako. Rafiki yangu alipakia mbao zake halali za mwembe kwenye kirikuu bila karatasi. Zikakaa kizuizini siku tatu, mvua inazinyeshea, naye anazunguka kutafuta karatasi ambayo angeweza kuifuata mapema, kwa siku moja.

Nimemaliza maneno. Nyuma ya karakana kuna gogo la mfenesi, futi 7. Liliangushwa na upepo wiki mbili zilizopita, Tabata. Mama mwenye lile kabati la vyombo ndiye aliyenipigia, saa kumi na mbili asubuhi, akasema, "Fundi, safari hii nimekuita wewe kwanza." Yupo hapa, amekaa benchi la pili. Shikamoo mama. Ametuambia anataka benchi la kukaa barazani, na kinachobaki ni chetu cha kujifunzia. Gome nimeshalimenya, sumaku nimeshaipitisha mara mbili, na ametuonyesha palipokuwa na kamba ya nguo.

Tupa ziko mezani, kila mtu achukue moja. Tunaanza na kunoa.